Neno Moja Kwenye Kipande

Mwaka 2018 nilikuwa nikimshikia shangazi yangu kibanda chake cha kutoa na kuweka pesa, hatua chache kutoka soko la Kongowea, Mombasa. Anayelijua soko lile anajua pilika zake: mikokoteni ya nyanya, makuli wakipiga kelele za kuomba njia, makanga wakigombania abiria wa Bamburi. Kibandani hupati nafasi ya kufikiri. Unapokea simu, unapokea kipande, yaani kitambulisho, unaandika daftarini, unahesabu noti, unasema karibu, unamtazama anayefuata.

Alasiri moja alikuja mteja amevaa dera la kijani, mtandio begani. Alitaka kutoa shilingi 3,400. Nikamwambia, "Karibu dada. Kipande?" Akanipa. Jina lilikuwa la kiume. Picha ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na minane hivi, nywele fupi, macho kayatoa kama tunavyoyatoa wote mbele ya kamera ya serikali. Na pale panapoandikwa jinsi, palikuwa na neno moja: mwanamume.

Nikamtazama yeye, nikaitazama picha, nikamtazama tena. Kisha nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona haya. "Hii si yako, dada."

Nilimwita dada, na nilimwita hivyo mara mbili. Ulimi wangu ulikuwa umeshaamua ni nani aliyesimama mbele yangu tangu alipokanyaga kibaraza. Lakini mkononi nilikuwa na kadi iliyosema vingine, na mimi nikaifuata kadi.

Akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi, kaka. Tazama hili kovu." Kweli, juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kovu dogo, na kwenye picha lilikuwapo. Nililiona vizuri. Nikamwambia bado siwezi. Foleni nyuma yake ikaanza kunong'ona, mwanamume mmoja akauliza kwa sauti kwani huyo ni nani hasa, watu wawili watatu wakacheka. Akanyoosha mkono. "Basi nipe kipande changu." Nikampa, akaenda zake, na pesa zake zikabaki kwenye simu ambako hazingemlipia kodi ya nyumba wala kumnunulia unga.

Sitaki kujitetea, ila hofu yangu ilikuwa na chanzo. Mwezi uleule wakala wa kibanda cha pili alikuwa ametapeliwa shilingi 18,000 na mtu aliyekuja na kipande cha mwenzake. Wakala akitapeliwa hasara ni yake, hakuna wa kumfidia. Kwa hiyo nilikuwa nikilinda mtaji wa shangazi, au ndivyo nilivyojiambia. Jioni nilipomsimulia aliniuliza swali moja tu: "Laini imesajiliwa kwa jina gani?" Nikamwambia kwa jina hilohilo la kwenye kipande. Akanyamaza, akafunga ile sanduku ya pesa, kisha akasema, "Basi umezuia amana ya mtu."

Shangazi yangu si mwanaharakati. Ni mama wa Kiislamu wa makamo, hakosi darsa ya Jumamosi, na ukimuuliza atakwambia kubadili alichokiumba Mungu ni haramu, na hatarudi nyuma. Lakini usiku ule alinikaripia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Hilo ni lake na Mola wake. Nani alikuambia uhukumu mwili wa mtu? Mimi nilikuambia uhesabu noti."

Tangu hapo, kila nikisikia watu wakibishana juu ya jinsia, nikiwaona wakitupiana maneno ya mila, ubeberu, haki, demokrasia na soko huria, mimi narudi kwenye kile kibaraza. Najiuliza lile neno kwenye kadi lilifikaje pale, liliwekwa kwa faida ya nani, na kwa nini mchuuzi wa Kongowea ndiye aliyeachiwa kazi ya kulisimamia.

Jina lenyewe tunalotumia linasimulia. Vijana wengi wanasema "aidii", lakini wazee wetu, na sisi wengi tuliolelewa nao, tunasema kipande. Kipande cha kwanza kilikuwa cha serikali ya kikoloni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati kilichofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina, kabila, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa, na mshahara. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumruhusu mtu aondoke. Asipotia, huyo mtu ni mtoro, na mtoro alitafutwa, akashtakiwa, akarudishwa shambani kwa mzungu.

Kile kilikuwa chombo cha walowezi kupata vibarua na kuwazuia wasihame kwenda kwenye mshahara bora, na serikali ndiyo iliyotoa askari wa kukisimamia. Unaposoma mambo ya wakati ule huwezi kusema hapa inaishia dola na hapa unaanza mtaji. Na kiliandikiwa wanaume kwa sababu ni mikono ya wanaume iliyotakiwa kuhesabiwa mashambani, ingawa wanawake na wasichana nao walikuwa wakiswagwa kwenda kufanya kazi bila kadi yoyote. Wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970, miaka kama 15 baada ya uhuru.

Machi 1922 Harry Thuku, mwanaharakati wa kupinga ukoloni, alikamatwa Nairobi kwa kuwachochea watu dhidi ya kipande, kodi, kukatwa mishahara, na kazi za lazima kwa wanawake. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wazee walipotoka kwenye mazungumzo na kuwaambia watu warudi makwao, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama akainua gauni lake mpaka mabegani, akawaambia wanaume walichukue gauni hilo wampe suruali zao, kwa kuwa wameogopa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Inasimuliwa kwamba hata walowezi waliokuwa barazani mwa hoteli ya Norfolk walipiga risasi kutoka pale walipokaa.

Nimeikumbuka habari hiyo mara nyingi. Mwanamke ambaye serikali haikuona haja ya kumwandika ndiye aliyekufa kwa ajili ya kupinga kadi ya wanaume, na alipotaka kuwaaibisha alizungumza kwa lugha ya nguo: nani avae gauni na nani avae suruali. Wanaosema ubishi wa jinsia umeletwa Kenya na mtandao wa juzi wangeanza kwa kuisoma siku ile.

Kipande cha kikoloni kilifutwa baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini wazo lake halikufutwa. Leo kadi haivaliwi shingoni, na bila hiyo huwezi kufungua akaunti, kupanga nyumba yenye mkataba, kuandikwa kazi, wala kusajili laini. Kanuni za mwaka 2015 zilizifunga laini zote na vitambulisho, na mwaka 2022 tulipangishwa foleni tena kuhakikisha usajili, wengine wakipigwa picha. Na kwetu laini ndiyo benki. Mshahara unaingia humo, mkopo unatoka humo, karo inalipwa humo. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa na karani siku mtu anazaliwa linamfuata hadi kwenye kibanda cha mboga. Likikubaliana na sura yake, haliwi na uzito wowote, hata mwenyewe halioni. Lisipokubaliana, kila kaunta inakuwa mahakama.

Wako waliopeleka jambo hili mahakamani kwelikweli. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume, akafaulu kwa alama ya juu, kisha akaishi kama mwanamke. Cheti chake hakikumfaa kitu, kwa sababu kila mwajiri aliyekisoma alimwona mtu mwingine. Akaenda Mahakama Kuu dhidi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru apewe cheti chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsi. Hoja ya jaji ilinigusa kwa wepesi wake: thamani ya cheti iko kwenye alama za masomo. Ukiondoa neno mwanamume au mwanamke, hesabu aliyoipata haipungui.

Mwaka huohuo wa 2014 Jaji Isaac Lenaola alitoa uamuzi juu ya mtoto aliyetajwa mahakamani kama Mtoto A. Alizaliwa huntha, yaani mwili wake haukuwa wa kike wala wa kiume waziwazi, na kwenye karatasi za hospitali, pale pa jinsi, paliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake alienda kuishtaki ile alama ya kuuliza. Miaka minne kabla yake, mtu aliyejulikana kwa herufi R.M., huntha aliyefungwa katika gereza la wanaume la Kamiti, alipewa na mahakama fidia ya shilingi 500,000 kwa jinsi alivyodhalilishwa gerezani kwa kupekuliwa na kuchezewa, ingawa mahakama ilikataa kukubali kwamba sheria iwe na kundi la tatu. Na Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi 1,000,000 mtu aliyebadili jinsia ambaye mwaka 2019 alikamatwa kwa tuhuma ya kujifanya mtu mwingine, akavuliwa nguo na kukaguliwa mwili. Mashtaka yenyewe yalikuwa hayo: kwamba si yeye. Nilipoyasoma nilisikia sauti yangu mwenyewe. Hii si yako, dada.

Kwa mahuntha, hatua zimepigwa. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, 1,524 kati ya watu zaidi ya milioni 47, na kila aliyewahi kuficha jambo mbele ya karani wa sensa anajua hesabu hiyo ni ya waliothubutu tu. Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja kwa jina na inakataza mtoto huntha kupasuliwa ovyo bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Hapo sisi wa pwani hatukupaswa kushangaa. Neno huntha tumelipata kwenye Kiarabu cha fiqhi, na mtu aliyesoma mirathi madrasa anajua kwamba wanazuoni wa kale waliandika milango mizima juu ya fungu la huntha ambaye hali yake haijabainika. Walibishana juu ya kiasi anachorithi, na katika ubishi wao wote hakuna aliyesema asirithi. Mwalimu wetu alitusomesha mlango huo kwa utulivu, kama alivyotusomesha udhu.

Najua huntha si sawa na aliyebadili jinsia, na shangazi atanikamata kwenye hilo kabla sijamaliza sentensi. Dini yake inawatofautisha, sheria ya Kenya nayo inawatofautisha, na mimi sitaki kuwachanganya ili nishinde hoja. Ninachokisema ni kidogo kuliko hicho. Mbele ya kaunta, yule mwenye dera la kijani na yule Mtoto A wanakutana na swali lilelile, na anayeuliza hana haja ya jibu. Mgawa mirathi alikuwa na haja: alitaka kujua agawe vipi. Mimi kibandani nilikuwa natafuta nini?

Serikali haina macho ya kutosha kumtazama kila mtu, kwa hiyo inaazima yetu. Hili ndilo linaloniogopesha kuliko hotuba yoyote. Tazama Uganda. Sheria ya kupinga ushoga iliyotiwa sahihi na Rais Museveni Mei 2023 inajulikana kwa kifungo cha maisha na kwa adhabu ya kifo katika makosa yaliyoitwa mazito. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu ambavyo watu hawakuvizungumzia sana: mwenye nyumba aliyekodisha chumba angeweza kuwa mhalifu, na raia wa kawaida alipewa wajibu wa kuripoti anaowashuku. Aprili 2024 Mahakama ya Kikatiba ilivifuta vifungu hivyo, ikaiacha sehemu kubwa ya sheria. Kwa karibu mwaka mzima dola ilimwambia mwenye nyumba awe askari, na mwenye nyumba alikuwa na njia rahisi ya kujisalimisha, kumtoa mpangaji nje. Iwe unaamini ushoga ni dhambi au huamini, jirani anayelipwa kwa usalama wake ili akuchungulie dirishani hatabaki kwenye dirisha moja.

Kisha zikaingia pesa. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilitangaza haitatoa mikopo mipya kwa serikali ya Uganda kwa sababu ya sheria ile. Januari 2024 Marekani ikaiondoa Uganda kwenye mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa bila ushuru. Wapo waliopiga makofi. Mimi sikuweza. Walioumizwa na mkopo unaozuiwa si wabunge waliopiga kura, na mtu anayechukiwa mtaani huchukiwa zaidi akiambiwa ndiye aliyesababisha barabara isijengwe. Na Juni 2025 Benki ya Dunia ikasema inarudi kukopesha. Sheria ilikuwa palepale.

Wala wale waliojitangaza marafiki hawakudumu. Kwa miaka kadhaa makampuni makubwa ya Marekani yalipaka nembo zao rangi za upinde wa mvua, ishara ya kuwaunga mkono mashoga na waliobadili jinsia, kila Juni, ila kurasa zao za nchi za Ghuba zilibaki na nembo ya kawaida. Kisha upepo ukageuka. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Trump alitia sahihi amri inayosema serikali yake inatambua jinsi mbili tu, na hati zifuate hivyo. Walmart na Meta walikuwa wameshaanza kupunguza mipango yao ya usawa kabla hata wino haujakauka, na Target ikafuata siku chache baadaye. Siku hiyohiyo ya kwanza misaada ya nje ikasimamishwa, na kwetu zahanati zilizowahudumia watu ambao hospitali za kawaida huwacheka zikafunga milango, nyingine kwa muda, nyingine moja kwa moja. Dawa ya mtu wa Mombasa ilikuwa imening'inia kwenye kalamu ya mtu wa Washington, na wengi hatukulijua hilo hadi kalamu iliposogea.

Kwa hiyo ninapomsikia mwenzangu wa mrengo mmoja akisema soko litatukomboa, na wa mrengo mwingine akisema serikali kali itailinda jamii, siwezi kumfuata yeyote kati yao. Soko lilitufundisha kipande cha mshahara, na serikali ilitufundisha kijaluba cha bati.

Hapa nyumbani, Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba Bodi ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilikosea kukataa kulisajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Uamuzi ulikuwa juu ya haki ya kukutana na kuunda chama, na ulisema wazi kwamba haugusi sheria ya makosa ya jinai. Lakini nchi ilichemka. Mbunge Peter Kaluma akaleta mswada alioupa jina la kulinda familia. Kwa wiki kadhaa redio za asubuhi hazikuwa na habari nyingine. Mwaka huohuo Sheria ya Fedha ikapandisha ushuru wa VAT kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na mshahara wa mfanyakazi ukaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Sidai kwamba kuna mtu aliyeketi akapanga moja lifunike jingine. Nasema nilikuwa kibandani bado, na niliona kwa macho yangu familia zikikatwa: mama aliyekuwa akituma 2,000 Kitui kila mwisho wa mwezi akaanza kutuma 1,200. Hakuna redio iliyoiita sheria ile ya kuvunja familia.

Yule mteja alirudi baada ya siku tano hivi. Sijui alipita pangapi kabla ya kurudi kwetu. Safari hii shangazi mwenyewe alikuwa kitini, mimi nimesimama nyuma nikipanga vocha. Alivaa dera lingine, la zambarau. Akatoa kipande bila kusema neno, kama mtu aliyekwisha kujiandaa kuondoka.

Shangazi alikitazama kipande, akamtazama usoni, akaliona kovu. Akaligeuza daftari upande wa mteja. Daftari letu lilikuwa na safu sita: tarehe, jina, namba ya kipande, namba ya simu, kiasi, sahihi. Nilikuwa nimeliandika kwa miezi saba, kurasa kwa kurasa, na ndiyo siku niliyolisoma. Safu ya jinsi haikuwamo. Hakuna bosi, hakuna karani wa serikali, hakuna kanuni iliyoniambia niulize nilichouliza.

Akatia sahihi, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa kulala. Shangazi akahesabu noti mara mbili, akampa mkononi. Akamwambia, "Karibu tena, mwanangu."